Kumtafuta Mtasema

Mbwa alipokosekana Jumatatu asubuhi, Ambrosi hakushtuka hata kidogo. Alitazama lundo la maranda karibu na mlango wa karakana yake ya useremala, pale Mtasema alipozoea kulala, akaona kishimo cha mviringo kilichoachwa na mwili wake, akacheka peke yake.

"Mzaramo huyo," akasema. "Ameanza."

Kisha akashika randa, akaendelea na kitanda.

Kitanda hicho kilikuwa cha Marko, mwanawe wa pekee, aliyekuwa njiani kurudi kutoka vita vya Bama, ng'ambo huko walikopigana na Mjapani. Vita vyenyewe vilikwisha mwaka uliopita, lakini serikali ya Mwingereza ilikuwa na haraka ya kupeleka watu tu. Kuwarudisha, hiyo ilikuwa kazi ya pole pole. Siku Marko alipoondoka na kikosi cha Keya, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, pale stesheni ya Tabora, hakulia. Alipiga magoti, akamshika mbwa masikio yote mawili, akamwambia maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, kisha akaiweka kamba mkononi mwa baba yake.

"Baba, nitunzie."

"Utamkuta," Ambrosi alisema.

Hakusema zaidi ya hilo, na hakuhitaji. Katika kila barua iliyofika kutoka ng'ambo, Marko aliuliza hali ya mama yake kwa mstari mmoja, na hali ya mbwa kwa mistari mitatu. Pelagia, mama mtu, alikuwa akinuna kidogo kisha akacheka. Na Ambrosi, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kumpenda mbwa yeyote, alijikuta akimtengea Mtasema mfupa kabla hajajitengea yeye nyama.

Jina hilo lilikuwa na kisa chake. Majirani wengi wa mtaa wao wa Gongoni walikuwa Waislamu, watu wa mjini wa siku nyingi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Marko alipomleta mbwa mdogo nyumbani, baadhi yao walinung'unika chini chini. Kijana akampa mbwa jina la kuwajibu. Kila jioni alisimama mlangoni akiita, "Mtasema! Mtasema!" na kila mwenye la kusema akalimeza. Isipokuwa mmoja tu. Ng'ambo ya njia, kwenye baraza ya cherehani yake, Twalibu alikuwa akiinua kichwa na kujibu, "Tumeshasema! Mpaka tumechoka!" Mtaa mzima ukacheka, na manung'uniko yakaishia hapo.

Twalibu aliruhusiwa kwa sababu alikuwa mtani: yeye Mzaramo, Ambrosi Mnyamwezi. Zamani za misafara, Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na nchi ya Wazaramo ilikuwa njiani. Huko kwanza waligombana, wakazikana, wakachoka, mwishowe wakaishia kuchekana. Babu yake Twalibu alipanda na msafara mmoja kuja Tabora na hakurudi tena kwao. Basi mjukuu wake alikuwa na ruhusa ya kumwambia Ambrosi neno lolote na kuchukua kitu chake chochote, na Ambrosi naye vivyo hivyo. Mama yake Ambrosi alipofariki, Twalibu alijilaza ndani ya kaburi lililo wazi, akakataa kutoka, akidai bibi ameondoka bila kumuaga, mpaka wafiwa wakacheka katikati ya machozi na kumpa jogoo. Ambrosi naye aliwahi kumficha mkasi wa kukatia nguo Idi ikiwa mlangoni.

Lakini utani una sheria. Mtani akichukua kitu chako, hukasiriki. Utamwendea, atakana, ataapa, utacheka, na mwisho utakikomboa kwa kitu kidogo mbele za watu. Kubwa kuliko yote, hutafuti. Anayeonekana akihangaika huku na huku ameshindwa, na atachekwa mpaka mvua zinyeshe.

Na wiki iliyotangulia, mbele ya watu, Twalibu alikuwa amesema kwa kinywa chake, "Marko anarudi, eti? Basi huyo mbwa nitamtorosha. Bila kibuyu cha asali ya mwituni humwoni."

Ndiyo maana Ambrosi alicheka.

Pelagia hakucheka. Alitoka jikoni akiwa na sufuria la mbwa, lenye ugali wa jana haujaguswa.

"Baba Marko, huyu hajala."

"Anakula kwa Mzaramo."

"Twalibu huyu huyu? Mtasema akipita karibu, yeye hukusanya kanzu kama mtu anayevuka mto. Amshike mbwa kwa mkono gani? Amlaze wapi? Mkewe Swaumu angewatupa nje wote wawili."

"Mtani hakosi wa kumtuma."

Pelagia alilitua sufuria. Alikulia kijijini, upande wa Bukene, kwenye nyumba iliyofuga mbwa wa kuwindia, na mambo ya mbwa aliyajua. "Mnyama aliyepotea hatafutwi mbali," akasema. "Unaanza na uvungu wa kitanda chako. Halafu ua wa jirani. Halafu magofu na mashimo. Unagonga sufuria lake, unaita, halafu unanyamaza. Watu wengi huita tu, hawasikilizi. Kuita si kazi, mume wangu, kazi ni kunyamaza. Na shati la Marko tulitundike mlangoni, upepo uchukue harufu. Nipe asubuhi hii moja tu."

"Upite Gongoni nzima ukigonga sufuria?"

"Nzima."

"Watu wacheke mpaka sokoni kwamba Twalibu amemliza Ambrosi? Usinitie aibu, Mama Marko. Hutoki na sufuria."

Akamkataza. Neno hilo alilitoa kwa sauti ya mwenye nyumba, na Pelagia, ambaye kwa kawaida alikuwa na majibu, akarudi jikoni. Shati la Marko alilitundika mlangoni hata hivyo. Hilo hakukatazwa.

Ambrosi akavuka njia.

"Mwangaluka, mbeba mizigo," Twalibu alimwamkia kwa Kinyamwezi cha kukejeli, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Pembeni yake kulikuwa na furushi kubwa la nguo zilizofungwa kwa kitenge. "Leo umetua mzigo wa nani?"

"Sikuja kwa maneno mengi. Nimekuja kukuambia tu, umlishe vizuri."

"Nimlishe nani?"

"Unamjua."

Twalibu aliinua uso. Hakujua linalosemwa, lakini mtani mzuri haulizi mara mbili, maana kuuliza mara mbili ni kupoteza nafasi. Aliona uso wa Ambrosi unacheka, akaona na mlango wa karakana hauna mbwa, akadaka neno hewani. "Ah, huyo! Nimemlisha pilau. Amesema ugali wa Kinyamwezi unamkwaruza koo."

Wakacheka wote wawili. Ambrosi akarudi kwenye randa yake ameridhika, moyo mweupe. Pilau! Mzaramo huyu hana dawa.

Jioni ile, jua likiwa limeshashuka na muadhini bado hajaadhini, alisikia mbweko. Ulitoka upande wa nyuma ya nyumba ya Twalibu, ambako kulikuwa na gofu la tembe la Mwarabu mmoja wa zamani za pembe, limeota magugu, hakuna aliyelikaribia ila mbuzi. Sauti yenyewe ilikuwa nzito na ya mbali, kama ya mtu anayebwekea ndani ya mtungi. Na mtungi, Ambrosi aliujua. Mwaka jana tu Twalibu alijificha nyuma ya ua akabwekea mtungini, Mtasema akazunguka nyumba kutwa akimtafuta mbwa mwenzake.

Ambrosi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akapaza sauti ili mtaa usikie.

"Bweka, Mzaramo, bweka! Leo hupati hata nta!"

Mbweko ukaongezeka. Ukawa wa haraka haraka, karibu wa furaha, kama wa mtu aliyejibiwa. Majirani wakacheka. Ambrosi naye akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sikiliza," Pelagia alisema nyuma yake.

"Nimesikiliza. Anajitahidi, lazima tumsifu."

"Hiyo si sauti ya mtu."

"Mtungi, mama. Mtungi ndio unaibadilisha."

Kesho yake cherehani ya Twalibu ilikuwa imefunikwa gunia na baraza haina mtu. Ambrosi akaona hapo ndipo utani umefika kileleni: mtu mpaka anaacha kazi ili ajifiche. Jioni mbweko ulisikika tena, dhaifu, umekatika katika. Amechoka, Ambrosi aliwaza. Alipiga kelele mara moja kumjibu, kwa adabu ya mchezo tu, kisha akaingia kula. Jumatano jioni hapakusikika kitu. Ambrosi alikaa mlangoni mpaka chai ikapoa, akingoja, na alipoona kimya ni kimya akamwambia mkewe kwamba mtani amesalimu amri. Pelagia aliondoa kikombe. Alikuwa ameacha kumjibu tangu Jumatatu.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Walisema wa kale, na walisema kwa sababu waliona.

Alhamisi asubuhi habari ilifika kutoka stesheni kwamba askari wa Tabora watateremka Jumamosi. Basi mchezo ulipaswa kwisha. Ambrosi alivaa shati safi, akachukua kibuyu cha asali alichoagiza mwituni tangu siku ya lile tishio, akavuka njia akiwa na kundi la majirani nyuma yake, maana kombozi bila mashahidi haina utamu. Twalibu alikuwa barazani, anaondoa gunia kwenye cherehani, viatu vyake vimejaa vumbi.

"Haya, Mzaramo, nimeshindwa," Ambrosi alitangaza. "Asali hii hapa. Nipe mbwa wangu nimwoshe, mwanangu anakuja."

Twalibu alitazama kibuyu. Kisha alimtazama Ambrosi, na kicheko ambacho tayari kilikuwa kinapanda usoni kikasimama njiani.

"Mbwa bado hajarudi?"

"Twalibu, asali hii hapa."

"Ambrosi." Hakumwita mbeba mizigo. Katika miaka yote ya ujirani wao, Ambrosi hakukumbuka kusikia jina lake kavu kavu namna ile kutoka kinywa kile. "Mimi sina mbwa. Wallahi sina. Ulipokuja Jumatatu nilidhani yuko uani kwako, umekuja kunichokoza. Nikajibu tu. Si lazima mtu ajibu?"

Majirani mmoja wawili walicheka, kwa sababu kuapa ni sehemu ya mchezo. Swaumu, mke wa Twalibu, akatoka ndani akiwa na unga mikononi. "Hakuna mbwa nyumba hii," akasema, naye hakuwa mtani wa mtu. "Angekuwapo, mngenikuta mimi bado ndani?"

"Na kubweka je?" Ambrosi aliuliza. "Jumatatu jioni, kule nyuma. Na Jumanne. Mtungi wako."

"Jumatatu jioni mimi na Swaumu tulikuwa Goweko," Twalibu alisema. "Tulipanda treni ya mchana kupeleka nguo za harusi. Tumeshuka asubuhi hii."

Hakuna aliyecheka tena. Kibuyu kilimponyoka Ambrosi mkononi, hakikuvunjika, kikabingirika mpaka kwenye mguu wa cherehani. Hakukiokota. Sauti ile ilikuwa imerudi masikioni mwake, safari hii bila mtungi. Akausikia mbweko ulivyoongezeka alipopaza sauti. Mtasema alikuwa ameisikia sauti ya mwenye nyumba. Alikuwa amejibu.

Pelagia alikuwa ameshapita. Hakugonga sufuria, hakuita. Alitembea moja kwa moja kati ya nyumba, akaingia magugu ya gofu akisogeza miiba kwa mikono mitupu, na wanaume wakamfuata kama watoto. Nyuma ya ukuta uliobomoka kulikuwa na kisima kikavu, kile walichochotea maji ya punda na wapagazi enzi za misafara. Mtu fulani miaka mingi iliyopita alikifunika kwa mbao, na mbao zilikuwa zimeoza. Katikati palikuwa na tundu jipya, na ukingoni pa tundu mavi makavu ya nguchiro. Mtasema hakuwahi kumwacha nguchiro apite salama.

Pelagia alipiga magoti, akaita jina mara moja. Kisha akanyamaza, na wote wakanyamaza. Walisikia panzi. Walisikia treni ya mizigo ikipiga filimbi mbali huko. Pelagia aliendelea kusikiliza baada ya kila mtu mwingine kuwa ameshajua.

Kamba ililetwa. Ambrosi alijifunga kiunoni, lakini fundo halikushika, na Twalibu alimfungua kamba ile, akajifunga yeye. Akavua kofia, akampa Swaumu. Wakamteremsha.

Alikaa chini muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Alipotoka alikuwa amemkumbatia Mtasema kifuani, kichwa cha mbwa kimelala begani mwake kama mtoto aliyesinzia, na kanzu yake nyeupe imeharibika. Kucha za miguu ya mbele zilikuwa zimekwisha. Twalibu alisema kwamba ukuta wa kisima umekwaruzwa pande zote mpaka urefu wa kifua cha mtu, na hakusema lingine juu ya kule chini, siku ile wala siku nyingine.

Walimzika nyuma ya karakana. Ilikuwa haki ya Twalibu hapo, hata kama ni mbwa, aseme neno la kuchekesha, maana mazishi bila mtani ni kilio kitupu. Watu walimngoja. Alisimama na udongo mkononi.

"Sema kitu, mtani," Ambrosi alimwomba. Alitaka sana kusikia kitu. Hata tusi.

"Sina," Twalibu alisema.

Akaenda kando ya mtungi wa maji, akachukua udongo, akajisugua mikono na shingo, akaanza kujiosha kama dini yake inavyoagiza, mara saba, moja kwa udongo. Swaumu alikuwa anammwagia maji. Ambrosi alimtazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu huyu, alikuwa amejiambia Jumatatu, ndiye aliyemwiba mbwa. Mkewe alimwambia la wazi, na yeye akaogopa kuchekwa sokoni. Kama angemwacha Pelagia na sufuria lake asubuhi moja tu, angekuwa sasa hivi anamsugua mbwa kwa sabuni na kumlaani kwa kurukaruka. Moyo ulimuuma kwa namna ambayo hakujua unaweza kuumia kwa ajili ya mnyama, kisha akajua kuwa si kwa ajili ya mnyama peke yake.

Jumamosi stesheni ilijaa. Ambrosi alisimama na Pelagia, na Twalibu alikuja pia, bila kualikwa, akasimama hatua chache nyuma yao. Marko aliteremka behewa la tatu, mrefu kuliko alivyoondoka, kofia imeinamia upande mmoja, blanketi la jeshi begani.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Pelagia alimshika uso, akalia, akacheka, akalia tena.

Marko alitazama chini, karibu na miguu ya baba yake. Akatazama nyuma yake. "Yuko wapi Mtasema?"

Ambrosi alikuwa ameyapanga maneno tangu Alhamisi, na yote yakamkimbia. "Amekufa, Marko. Alitumbukia kisimani, kwenye gofu. Alibweka nikamsikia, nikadhani ni Twalibu anafanya utani. Sikumtafuta. Kosa ni langu."

Marko alimsikiliza baba yake kwa makini. Akamwangalia Twalibu, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Akarudi kwa baba yake. Polepole uso wake wote ukafunguka, meno yakaonekana, akaanza kucheka, kicheko kile kile cha siku za kuwazomea majirani mlangoni.

"Ninyi wazee!" akasema. "Miaka yote hii Bama, nilikuwa nawasimulia wenzangu juu yenu wawili. Leo mmeungana dhidi yangu, hata mama mmemfundisha kulia. Haya, nimeshindwa. Mnataka nini?"

"Marko," Pelagia alisema.

"Hapana mama, ngoja, sheria ni sheria." Alilitoa blanketi begani, blanketi zuri, zito, la kijivu, akaliweka mikononi mwa Twalibu. "Hili ni kombozi, bamkubwa. Sasa nipeni mbwa wangu."

Twalibu alilipokea kwa sababu liliwekwa mikononi mwake. Ambrosi alijua kijana huyo anafikiri nini. Alikuwa amefikiri hivyo hivyo, kwa kicheko hicho hicho, siku tatu kamili, na hakukuwa na kiapo duniani ambacho kingemwamsha.

"Marko, sikiliza," alianza.

Lakini Marko alikuwa ameshatia vidole viwili mdomoni. Alipiga mluzi wake wa zamani, mrefu, wa kupanda na kushuka, juu ya vichwa vya watu, kuelekea njia ya Gongoni. Kisha akanyamaza, kama mama yake alivyomfundisha tangu utotoni, akainamisha sikio, akasikiliza huku akitabasamu.